Vazi la Kumkinga Farasi na Usubi: Tathmini ya Mtunzaji

Vazi linalomfunika farasi karibu mwili mzima ili usubi usiifikie ngozi yake ni bidhaa ambayo faida yake hutegemea sana siku ya kwanza ya kuvaliwa. Likivalishwa mapema, kabla usubi wa kwanza haujatoka ardhini, humwepusha mnyama na mateso ya miezi mingi. Likivalishwa baada ya ngozi kuchubuka na muwasho kushika kasi, husaidia kwa kiasi kidogo tu, na mara nyingi huraruliwa na farasi mwenyewe anapojisugua. Hilo ndilo neno langu kubwa kuhusu bidhaa hii, na mengine nitakayoyaeleza kuhusu kitambaa, mshono, mikanda na bei yanasimama juu yake.

Ninafanya kazi ya kutunza farasi katika zizi moja la Argyll, magharibi mwa Uskoti, eneo lenye mvua nyingi, ardhi oevu na majani yanayooza, mambo ambayo kwa pamoja huufanya usubi ustawi mno. Vazi ninalolitathmini ni lile zima: lina sehemu inayofunika shingo mpaka nyuma ya masikio, kipande kipana kinachopita chini ya tumbo, na ulimi mrefu unaofunika mkia. Nimetumia mavazi ya aina hii kutoka kwa watengenezaji tofauti kwa misimu kadhaa, na sitawataja kwa majina, kwa kuwa ninachotaka msomaji akijue ni sifa za kutafuta katika vazi lolote atakaloliona dukani.

Usubi ninaouzungumzia ni wadudu wa jenasi ya Culicoides, wenye urefu wa milimita 1 hadi 3, na si inzi weusi wa mitoni wanaoeneza ule ugonjwa wa upofu ambao nchini Tanzania nao huitwa usubi. Majike ndiyo yanayouma, kwa sababu yanahitaji damu ili kukomaza mayai, na hupendelea zaidi saa za alfajiri na za magharibi, hewa ikiwa imetulia na yenye unyevu. Farasi wengi wakiumwa hupata kipele kidogo kinachopotea chenyewe. Wapo hata hivyo wale ambao miili yao ina mzio wa protini zilizomo katika mate ya mdudu huyo, na kwao kuumwa mara chache tu hutosha kuamsha muwasho usiokoma. Mnyama huyo hana namna nyingine isipokuwa kujisugua kwenye mti, kwenye nguzo ya ua na kwenye mlango wa banda, mpaka singa zinakatika, shina la mkia linabaki upara, ngozi inakuwa nene yenye mikunjo, na vidonda vinaanza kuvuja na kuwaita inzi. Nimewaona farasi wapole wakigeuka kuwa wakali wasiotaka kuguswa, na wengine wakikonda katikati ya malisho mazuri kwa sababu hawapati nafasi ya kula wala kupumzika. Anayedhani kwamba hili ni suala la urembo wa singa hajawahi kusimama karibu na farasi wa namna hiyo jioni isiyo na upepo.

Aliyenifanya nilichunguze vazi hili kwa makini ni farasi jike wa Kiaislandi anayeitwa Stjarna, aliyezaliwa Aislandi na kuletwa Uskoti akiwa amekwisha kukomaa. Kisiwa hicho kwa muda mrefu kimejulikana kwa kutokuwa na usubi unaosumbua farasi, na farasi wake wamelelewa humo tangu Waviking walipowafikisha zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Farasi aliyekulia huko hukutana na mate ya usubi kwa mara ya kwanza akiwa mkubwa, mwili wake haujayazoea, na utafiti umeonyesha kwamba karibu nusu ya wale wanaopelekwa katika maeneo yenye usubi barani Ulaya hupata mzio huu ndani ya miaka michache, ilhali wenzao wa jamii hiyohiyo waliozaliwa nje ya kisiwa huathirika kwa kiwango cha chini sana. Si wao peke yao wanaoumia: poni wa Shetland na wa Welsh, farasi wa Friesian na wale wakubwa wa Shire nao wanajulikana kwa udhaifu huu, na kwa kuwa tatizo lina upande wa kurithiwa, madaktari wa wanyama hushauri kwamba mwenye mzio mkali asizalishwe. Sheria ya Aislandi hairuhusu farasi aliyetoka kisiwani kurudi tena. Inanihuzunisha kila ninapofikiri kwamba Stjarna hawezi kurejeshwa kwao, mahali ambapo asingehitaji dawa wala vazi, na kwamba utulivu wake huku ugenini umebaki mikononi mwa sisi tunaomtunza.

Jambo la kwanza la kukagua katika vazi ni kitambaa. Madukani huuzwa mavazi mengi ya wavu yaliyokusudiwa kuzuia inzi wa kawaida, ambayo kwa kuyatazama kwa mbali yanafanana na vazi la usubi, tena bei yake ni nafuu. Matundu ya wavu huo ni makubwa mno. Mdudu wa milimita 1 au 2 hupita bila shida, kama anavyoweza kupita katika chandarua cha kawaida cha mbu, na akishaingia ndani huwa amepata kivuli na hewa tulivu, yaani mazingira anayoyapenda. Vazi halisi la usubi limefumwa kwa uzi mwembamba wa polista au nailoni kwa ukaribu kiasi kwamba ukilinyanyua kuelekea dirishani unaona mwanga lakini huoni tundu. Ninapokuwa dukani nalivuta pia kwa vidole, kwa kuwa kitambaa kinachonyumbuka kinaweza kuonekana kizito kikiwa kimekunjwa na kikafunguka matundu kikishavutwa juu ya bega na nyonga, sehemu ambazo hukaa zimevutika mchana kutwa. Vazi moja nililowahi kulijaribu lilikuwa na shingo na mgongo wa kitambaa kizuri, lakini kipande cha tumboni kilishonwa kwa wavu wa inzi ili kupunguza gharama, na farasi aliyelivaa alitoka mabaka ya vidonda kwenye mstari wa kati wa tumbo, pale hasa ambapo baadhi ya spishi za usubi hupendelea kuuma.

Kuhusu rangi, nyeupe na ya fedha hupunguza joto la jua, na hilo ni jambo la maana. Wanaouza mavazi yenye milia ya pundamilia hutoa ahadi kubwa, na ahadi hizo zina msingi wake: utafiti uliochapishwa mwaka 2019, uliofanywa Uingereza, ulionyesha kwamba pange, wale inzi wakubwa wanaouma mifugo, walitua mara chache zaidi kwenye farasi waliovalishwa makoti ya milia kuliko kwenye waliovaa makoti meusi au meupe. Lakini huo ulikuwa utafiti wa pange. Mnunuzi mwenye tatizo la usubi asiilipie milia hiyo akidhani inaweza kuchukua nafasi ya kitambaa kilichofumwa vizuri.

Baada ya kitambaa huja mkato, na hapa ndipo bidhaa nzuri inapojitenga na bidhaa ya kawaida. Kipande cha tumbo kinapaswa kuanza karibu na miguu ya mbele na kwenda nyuma mpaka karibu na kiwele, kikiwa na upana wa kuufunika mstari mzima wa kati, na kifungwe kwa namna inayokibana taratibu bila kuacha mifuko ya hewa ambamo usubi unaweza kujikusanya. Ulimi wa mkia uwe mrefu kushuka chini ya shina la mkia na uwe na upana wa kumeza pande zote mbili, kwa maana farasi mwenye muwasho hujisugua kwa matako yake yote, si mkia peke yake. Sehemu ya shingo iwe imeshonwa moja kwa moja na mwili wa vazi au ifungwe kwa zipu yenye kifuniko. Zile zinazofungwa kwa vishikizo vya kunata hufunguka zikilowa matope, na mwanya wa vidole vitatu mbele ya bega unatosha kuharibu kazi ya wiki nzima. Masikio na uso vinahitaji barakoa yao peke yake, nayo pia iwe ya kitambaa cha kubana matundu upande wa masikio.

Ukubwa wa vazi hupimwa kutoka katikati ya kifua mpaka mwisho wa tako, na hapa Uingereza hutajwa kwa futi na inchi, wakati watengenezaji wengi wa Ulaya bara hupima urefu wa mgongo kwa sentimita. Anayeagiza kwa mtandao azingatie tofauti hiyo, maana vipimo hivyo viwili havilingani hata kidogo. Farasi wa Kiaislandi huleta ugumu wa ziada: ni mfupi, kwa kawaida kati ya sentimita 130 na 145, lakini ana kifua kipana, shingo nene na singa nyingi zinazoangukia pande zote. Vazi lililokatwa kwa vipimo vya farasi mwembamba wa mbio humkaba shingoni na kubaki refu nyuma. Nashukuru kwamba siku hizi wapo watengenezaji wanaokata mavazi maalumu kwa ajili ya poni wanene na farasi wa kaskazini, na gharama ya ziada ya vazi hilo inastahili kulipwa, kwa sababu vazi lisilokaa sawasawa huteleza, na likiteleza huacha upande mmoja wa mnyama wazi usiku kucha.

Sasa nieleze kasoro zake, ambazo hazipungui hata katika bidhaa bora. Ya kwanza ni mabega. Farasi anayelisha huinama na kutembea saa nyingi, na kila hatua husugua kitambaa kwenye bega mpaka manyoya yanakwisha. Bitana ya satini iliyoshonwa kwa ndani hupunguza msuguano huo kwa kiasi kikubwa, na vazi lisilo nayo linaweza kushonewa na fundi yeyote wa nguo. Ya pili ni joto. Kitambaa cha kubana namna hii hupitisha hewa kidogo kuliko wavu, na siku za jua kali farasi hutoka jasho chini yake, jasho ambalo nalo huongeza muwasho. Siku kama hizo sisi humvua Stjarna na kumwingiza bandani mchana, kisha tunamvalisha tena kabla ya alasiri kuisha. Ya tatu ni mvua. Vazi hili si la kuzuia maji, na magharibi mwa Uskoti haipiti wiki bila kulowa. Likikaa limelowa mwilini kwa muda mrefu hulainisha ngozi na kufungua njia kwa maambukizi ya bakteria yanayoacha vigaga mgongoni. Kwa hiyo mwenye kununua vazi moja ajue kwamba kwa kweli anahitaji mawili, moja likiwa mwilini na jingine likikauka, na gharama hiyo aihesabu tangu mwanzo.

Kuna pia suala la uimara. Vazi lolote la usubi ni jepesi, na ua wa seng'enge au kichaka cha miiba hulirarua kwa mpigo mmoja. Farasi wenzake wanaopenda kucheza kwa kung'atana huling'ata. Kwa maoni yangu hii si sababu ya kulikataa, ila ni sababu ya kukagua malisho kabla ya kulinunua na kuweka sindano na uzi imara karibu na banda, kwani tundu dogo lililoachwa wazi hugeuka kuwa mlango. Mtengenezaji anayeuza vipande vya kubadilishia, kama mikanda ya tumbo na vifungo vya kifuani, anastahili kupewa kipaumbele kuliko anayemlazimisha mteja kununua vazi jipya kwa sababu ya kifungo kimoja kilichovunjika.

Narudi kwenye suala la wakati, ambalo naliona zito kuliko yote. Katika nyanda za juu za Uskoti usubi huanza kuonekana kwa wingi mwishoni mwa Mei na huendelea mpaka Septemba, lakini spishi nyingine zinazouma farasi hutangulia mapema zaidi zikipata siku chache za joto. Stjarna huvalishwa kuanzia Aprili, wakati watu wengine bado wanashangaa kwa nini farasi amefunikwa na hakuna mdudu anayeonekana. Huvuliwa kila siku ili ngozi ikaguliwe kwa mkono, kwa kupapasa chini ya singa na kwenye shina la mkia, maana uvimbe mdogo huhisiwa na vidole kabla haujaonekana kwa macho. Hupigwa brashi, manyoya yaliyokufa huondolewa, halafu huvalishwa tena kabla jua halijashuka. Tangu utaratibu huu ushikwe bila kuruka siku, singa zake zimerudi na zimefika chini ya shingo, na mkia wake umejaa mpaka juu. Bado hujikuna mara mojamoja, hasa kichwani, lakini hana vidonda, na hali hiyo ni tofauti kubwa na jinsi alivyofika kwetu.

Vazi peke yake halitoshi kwa farasi mwenye mzio mkali, na tathmini yoyote isiyosema hivyo inamdanganya mnunuzi. Kwenye sehemu lisizofika tunapaka losheni ya benzili benzoeti, dawa ambayo wasomaji wengi wa Afrika Mashariki wataikumbuka kwa kutibu upele wa binadamu. Hufanya kazi ya kufukuza wadudu, ni ya bei nafuu, na hupakwa kwenye ngozi nzima tu, kwa kuwa kwenye kidonda huwasha na kuunguza, jambo ambalo farasi hatalisamehe upesi. Hutakiwa kurudiwa mara kwa mara na kuanza mapema kama vazi lenyewe. Dawa za kumwagia mgongoni zenye permethrini nazo zina nguvu, ila mwenye paka zizini awe na hadhari kubwa, kwani permethrini ni sumu kali kwa paka, na pia kwa samaki endapo itaingia mtoni. Mafuta mazito yanayopakwa tumboni husaidia kwa kumzuia mdudu asifikie ngozi, lakini huchafua kitambaa na kushika vumbi, kwa hiyo sisi tumeyaacha. Kuhusu vitunguu saumu na vyakula vya ziada vinavyouzwa kwa ahadi ya kumfanya farasi asinukie vizuri kwa wadudu, sijaona faida iliyonishawishi niendelee kuvilipia.

Mpangilio wa mahali unasaidia zaidi ya wanavyodhani wengi. Usubi ni mrukaji dhaifu, na upepo mwepesi tu huushinda, kwa hiyo malisho yaliyo juu ya kilima ni bora kuliko yaliyo bondeni karibu na dimbwi au chini ya miti. Feni kubwa iliyofungwa bandani kwa usalama, nyaya zake zikiwa mbali na meno ya farasi, hufanya kazi ileile ya upepo saa za magharibi na alfajiri. Samadi iondolewe karibu na banda, na mahali panapotuama maji pafukiwe, kwa kuwa spishi mbalimbali hutaga mayai katika udongo wenye unyevu na uozo.

Ikiwa muwasho umekwisha kuanza, daktari wa wanyama anaweza kutoa steroidi, nazo hutuliza haraka, lakini kwa farasi na poni wanene zinatolewa kwa tahadhari kwa sababu zinaweza kuchangia ugonjwa hatari wa kwato, ule unaoshambulia tishu zinazoushikilia mfupa ndani ya ukwato. Dawa za kawaida za mzio hazina matokeo ya kutegemewa kwa farasi. Matumaini yangu makubwa yako kwenye utafiti wa chanjo: mwaka 2018 watafiti wa Zurich, nchini Uswisi, walichapisha matokeo ya chanjo iliyojaribiwa kwa farasi wa Kiaislandi, inayoufanya mwili wa mnyama uzuie mojawapo ya protini zinazochochea uvimbe wa mzio, na vidonda vya waliochanjwa vilipungua. Ningefurahi sana kuiona siku ambayo vazi hili halitahitajika tena. Kwa sasa linahitajika.

Kwa wasomaji walioko Kenya, wanaotunza farasi wa mbio Ngong, wa polo Gilgil au wa safari Laikipia, usubi una uzito mwingine kabisa. Spishi ya Culicoides imicola, iliyoenea barani Afrika, ndiyo mwenezaji mkuu wa virusi vya maradhi ya farasi ya Afrika, ambayo katika umbo lake la mapafu huua sehemu kubwa mno ya farasi wasio na kinga, na ambayo mwaka 2020 yaliua mamia ya farasi nchini Thailand. Pundamilia hubeba virusi hivyo bila kuonyesha dalili kubwa, na punda, wakiwemo wale wa Lamu, kwa kawaida huugua kidogo tu au wasiugue. Nimeulizwa na masaisi wenzangu wa huko, yaani watunza farasi, kama vazi hili lingeweza kuwalinda farasi wao. Jibu langu ni kwamba hupunguza idadi ya wadudu wanaouma, na kila mdudu asiyeuma ni nafuu, lakini lisimfanye mtu aache chanjo anayopangiwa na daktari wa mifugo, wala desturi nzuri ya kuwaingiza farasi bandani kabla ya jua kuzama na kuwatoa baada ya kupambazuka. Joto la nyanda za chini na la pwani lingefanya vazi la kubana namna hii kuwa mzigo mchana, kwa hiyo huko ningelivalisha usiku tu, kwa farasi aliye bandani mwenye hewa ya kutosha.

Bei ya vazi zima hapa Uingereza mara nyingi huwa kati ya pauni 100 na 200, kutegemea ukubwa na mtengenezaji, na barakoa ya uso huuzwa kando. Yale ya chini ya kiwango hicho niliyoyashika mkononi yalikuwa ya wavu wa inzi yaliyobandikwa jina la usubi. Kulifua ni kazi rahisi ikifanywa kwa maji ya baridi au vuguvugu na sabuni isiyo na manukato, bila dawa ya kulainisha nguo, kwani mabaki ya kemikali kwenye ngozi yenye mzio huleta muwasho mpya. Lianikwe kivulini, maana jua kali hudhoofisha uzi. Wauzaji wengi hukataa kulipokea vazi lililokwisha kushika manyoya, kwa hiyo lijaribiwe kwanza juu ya shuka safi iliyotandazwa mgongoni, mikanda yote ikifungwa, na farasi atembezwe na kuinamishwa kichwa kana kwamba analisha, ili ionekane kama shingo inakaba au tumbo linaachia. Mwenye kukusudia kulitumia mwaka huu aliagize Februari au Machi, kwa sababu kufikia Juni saizi za poni wanene na farasi wa Kiaislandi ndizo zinazoanza kukosekana madukani.